Mgeni Aliyedai Nusu ya Nyumba

Usiku wa kuamkia Jumatano, Edigna Mapunda wa Songea aliota kwamba deni la mumewe limebisha hodi.

Ndani ya ndoto ilikuwa mchana, jua kali, majirani wote wako nje wanaanika mahindi. Barazani amesimama mtu wa makamo, suti ya kahawia, begi mkononi, viatu vimepigwa rangi vikang'aa.

"Habari za hapa, shemeji," mgeni akasema. "Mimi ni deni la Bosko. Nimeambiwa nina mahali pa kulala hapa."

Edigna hakushangaa kwamba deni linazungumza. Kilichomshtua ni kwamba linazungumza kwa sauti kubwa.

"Ingia, ingia upesi," akasema, huku akimvuta mkono. Ng'ambo ya ua jirani yake, Mama Kasiani, alikuwa ameshanyoosha shingo. "Ni shemeji yangu huyu," Edigna akamwambia. "Katoka Tunduru."

Edigna alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka hamsini na miwili, kiongozi wa sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia. Mumewe, Bosko Ngonyani, aliondoka miaka mitatu nyuma kwenda Tunduma kufanya biashara ya mbao, na huko akaanzisha maisha na mwanamke mwingine. Edigna hakumwambia mtu. "Yuko kikazi," alisema mara ya kwanza alipoulizwa, na baada ya hapo hakujua namna ya kulirudisha neno hilo. Kila Jumamosi alitoa shati moja la Bosko kabatini, akalifua ingawa halikuvaliwa, akalianika kwenye kamba ya mbele ili wapita njia walione.

Nyumba waliijenga pamoja, na hati ilikuwa na majina yao wote wawili. Sasa biashara ya mbao ilikuwa imekufa, na mtu aliyemkopesha Bosko alitaka nyumba iwekwe dhamana. Bila sahihi ya mke hilo halikuwezekana. Fomu ikatumwa kwa basi, ndani ya bahasha, na Bosko akapiga simu, mara ya kwanza tangu Pasaka. "Saini tu, Mama Devota," akamwita kwa jina la mtoto wao. "Ni utaratibu tu huo." Bahasha ilikuwa chini ya godoro kwa wiki ya pili.

Edigna alijua la kufanya. Angekwenda ofisi ya ardhi kuweka zuio, ili nyumba isiuzwe wala isiwekwe rehani bila yeye kujua. Lakini kwenye dirisha la ofisi ile alikaa Skolastika Komba, Skola wa kwaya, na fomu ya zuio inauliza sababu. Tena kulikuwa na jambo lingine alilolionea haya zaidi, hata kulikiri moyoni mwake: kusaini kulimvutia. Mke anayesaini karatasi za mumewe bado ni mke.

Basi mgeni ameingia. Anaketi kwenye kochi, anavua viatu, anaomba chai. Edigna anamletea na mihogo ya kuchemsha, maana mgeni ni mgeni. Deni anakula kwa adabu, anafuta midomo kwa leso, kisha anatoa mfukoni futi ya fundi ujenzi na kipande cha chaki.

"Shemeji, mimi na wewe hatuna ugomvi," anasema. "Wewe hujakopa hata kiberiti. Ninachodai ni nusu ya Bosko tu. Nionyeshe iko wapi, nisije nikalala kwako kwa makosa."

Edigna anaitazama nyumba yake. Amekaa humo miaka kumi na minane na hajawahi kujiuliza.

"Labda upande wa jikoni," anasema. "Hakuwa akiingia sana, lakini ndiye aliyenunua mlango."

Deni anapiga magoti na kuchora mstari. Unaanzia mlangoni, unapita katikati ya kochi, unapanda mezani, unashuka. Ukutani unaikata picha ya harusi, Bosko huku na Edigna kule, na kisu cha keki kinabaki hakina mwenyewe. Edigna anafuata nyuma na kitambaa, anafuta vumbi la chaki, asije mtu akaliona.

Mstari unapofika chumbani, sauti inatoka darini.

"Umepinda."

"Nani anasema?" Deni anauliza.

"Nyumba."

"Nusu ipi ya nyumba?"

"Hapo ndipo unapokosea," nyumba inasema. "Sina nusu. Huyu alileta tofali, yule akaleta tofali, yakashikwa na udongo mmoja. Ukitaka la Bosko uling'oe, na la mwenzake linaanguka."

Deni anafikiri kidogo, futi mkononi. "Kama hakuna nusu," anasema, "basi nitakaa kote." Anavua koti.

Hapo anaanza kunenepa. Anamaliza mihogo, anaomba ugali. Anamaliza ugali, goti lake linatokeza dirishani. Edigna angeweza kuacha kumpikia, lakini alikuwa tayari amemtangaza shemeji, na shemeji hanyimwi chakula mbele za watu. Anasonga ugali mwingine.

"Shemeji yako ana mwili," Mama Kasiani anasema kutoka ng'ambo ya ua.

"Kwao wote wako hivyo," Edigna anajibu.

Sasa mabega ya Deni yanagusa kuta zote mbili za sebule. Kwa shida anainua mkono na kutoa karatasi. Ni ile fomu ya chini ya godoro. "Saini hapa," anasema kwa upole. "Nitajikunja. Nitakaa kwa heshima. Watu watajua mimi ni wa familia, hawatakuuliza maswali tena."

Kalamu imeshakuwa mkononi mwa Edigna. Anaandika E. Anaandika d.

"Edigna," nyumba inasema. Haikuwahi kumwita jina. "Unanionea aibu mimi, au unamwonea aibu Bosko?"

Ukuta wa sebule unafunguka kama pazia, na sebule sasa ni ofisi ya ardhi.

Yuko kwenye foleni, amevaa gauni la kulalia. Mbele yake limesimama shati la Bosko, lile la mistari ya bluu, bado linachuruzika maji. Kwenye mabenchi imeketi kwaya nzima, sare zimenyooshwa, vitabu vimefunguliwa. Nyuma ya kioo cha dirisha yuko Skola, na mbele yake mhuri.

"Sababu ya kuweka zuio?" Skola anauliza bila kuinua macho.

"Mume wangu yuko kikazi."

Mhuri unainuka, unaning'inia hewani, unarudi chini taratibu. "Hiyo siigongi," unasema. Mbali, upande wa mtaani kwake, Edigna anasikia bati moja la nyumba yake likibanduka na kupeperuka.

"Mtandao kule ni mbaya, ndiyo maana hapigi."

Bati la pili.

"Jumamosi alikuwepo. Muulizeni yeyote, shati lake lilikuwa kambani."

Shati linageuka. Halina uso, lakini Edigna anajua linamtazama. "Mwalimu," linasema, "nimefuliwa mpaka nyuzi zinaachia. Kola imeisha kwa kusuguliwa. Miaka yote hiyo sijaona shingo ya mtu."

Hakuna aliyecheka. Angalau wangecheka, Edigna angepata mtu wa kumkasirikia. Walitazama vitabu vyao kwa ustaarabu, na uso ukamwaka moto hadi masikioni. Alitamani sakafu immeze. Akaitazama sakafu, lakini ilikuwa ya saruji, na ikamwomba radhi kwamba haiwezi.

"Paza sauti, dada," Skola anasema. "Kuna kioo hapa."

Mabati yanaendelea kubanduka, moja moja. Edigna anashika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili.

"Mume wangu ameniacha!" anasema. "Hayuko kikazi. Yuko kwa mwanamke mwingine na ameniacha miaka mi—"

Mhuri ukagonga. Uligonga kwa kishindo kilichotikisa kioo, na neno la mwisho likapotelea humo.

Kwenye mabenchi mtu akafunua ukurasa. "Tulikuwa tunajua," wakasema wenzake wa sauti ya pili, wote pamoja, bila ubaya. "Njoo ukae, tumechelewa mazoezi." Mlangoni Deni alikuwa amerudi katika kimo chake cha kwanza, anafunga begi. "Ungesema tangu asubuhi," alimwambia Edigna, "nisingekula vile." Akatoka.

Edigna akaamka. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, na koo lilikuwa limekauka kama la mtu aliyepiga kelele. Alikaa kitandani akiona haya, ingawa chumbani hakukuwa na mtu. Kisha akaitoa bahasha chini ya godoro, akaichana fomu vipande vinne, akachukua nakala ya hati na cheti cha ndoa.

Saa mbili alikuwa ofisi ya ardhi. Foleni ilikuwa fupi, watu wanne tu, lakini mmoja wao alikuwa mzazi wa mwanafunzi wake, na Edigna akawapisha wote wamtangulie. Wengine wakaja wakasimama nyuma yake. Mzazi yule, baada ya kuhudumiwa, hakuondoka; alikaa kwenye benchi kusubiri karatasi zake. Hatimaye dirisha likawa tupu na hakukuwa na namna.

"Shikamoo, dada," Skola akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, kama hakulala.

"Marahaba. Skola, nimekuja... kuna jambo kidogo."

"Nimeshakujazia, usisimame sana." Skola akapitisha fomu chini ya kioo. Jina la Edigna lilikuwepo, namba ya kiwanja ilikuwepo. Mbele ya neno Sababu, kwa mwandiko wa Skola, iliandikwa: Mume wangu ameniacha. Hayuko kikazi. Yuko kwa mwanamke mwingine na ameniacha miaka. Hapo palikuwa na nafasi wazi.

Edigna akaisoma mara mbili. "Nani kakwambia?"

"Si wewe mwenyewe?" Skola akajibu, akainamisha uso. Akaichukua kalamu. "Ila hapo mwisho sikukusikia vizuri. Miwili au mitatu?"

Edigna akageuka, akamtazama mzazi wa mwanafunzi wake kwenye benchi, akawatazama na wale wa nyuma. Kisha akarudisha uso dirishani.

"Mitatu," akasema, na hata wa mwisho kwenye foleni alisikia.