Kitambaa cha Mama Apollinarie

Pikipiki ilikuwa imeshaiacha Kavimvira nyuma, na Bienvenu, fundi wa rezo, yaani mtandao wa simu, amepakata feni mpya zilizofungwa kwenye kitenge. Barabara inamrusha, yeye anazikumbatia. Dada yake Ornella alikuwa akishushwa kutoka Bijombo mlimani kwa machela, uchungu umemshika tangu jana, mtoto hatoki. Gari la hospitali lilikuwa linangoja chini, upande wa kanisa. Wabebaji hawakujua upande gani. Simu tu ndiyo ingewaambia, na simu zote za bonde zinapitia ruta moja, masini ya kuelekeza simu, pale Sange, ambayo feni zake zimekufa. Njiani alimpigia shemeji yake, mume wa Ornella, mara kwa mara. Simu haiingii.

Kituo cha ruta kilipakana na kinu cha mpunga. Mlinzi, mama Apollinarie, alipofungua mlango, joto liliwapiga usoni.

"Enjenieri, iko inalia tangu asubui kama mbuzi ya kufungwa!"

"Nasikia, mama. Usiguse kitu."

Kuizima hakuthubutu. Masini ile ni kuukuu. Ikilala, huenda isiamke. Ilibidi abadilishe feni huku inafanya kazi. Akafunga mkononi waya wa kinga, umeme wa mwili usije ukaiua, akalegeza skrubu, akavuta. Feni za zamani zikatoka zimejaa pumba. Taa zote zikawa nyekundu. Akasukuma mpya, zikagoma katikati. Akazitoa, akapangusa reli, akasukuma tena. Ta! Zikavuma.

Joto likaendelea kupanda.

Simu ikalia. Antoine, mume wa Ornella.

"Shemeji, tuko kwa njia-panda. Ornella hasemi tena. Tushukie wapi? Kwa mutoni ao..."

Ikakatika.

"Upepo unaingia," Bienvenu akasema, jasho linamchoma macho. "Mbona hautoki?"

Akapenyeza mkono nyuma ya masini, kwenye upenyo kati yake na ukuta. Akagusa kitu laini.

"Mama, hii nini?"

"Kitambaa yangu. Miye mwenyewe nilishona, ya maua. Vumbi ya mupunga iko mingi hapa. Nani anaacha televizyo yake bila kitambaa?"

"Weye uliziba pua yake, mama!"

Akakinyofoa, kikachanika. Hewa ya moto ikampiga usoni kama ya tanuri. Taa nyekundu zikaanza kuzimika. Akapiga simu. Ikaita, ikaita.

"Kanisani, Antoine! Shukeni kwa kanisa!"

Ornella alizaa ndani ya gari, kabla ya kufika hospitalini Sange. Damu ilimtoka nyingi, akapona. Mtoto ni msichana, Irakoze. Mkono wake mmoja hauna nguvu tangu kuzaliwa. Antoine alirudi Bijombo kwa ng'ombe wake. Mkewe alikataa kupanda mlima tena, anakaa Uvira. Bienvenu anafanya kazi Kalemie. Mama Apollinarie bado ni mlinzi. Kitambaa alikishona pale kilipochanika, sasa kinafunika redio yake.