Vipele Vyenye Majani

Kwaru, kwaru. Gizani Biasha alisikia kucha za mwanawe Hajra zikikwangua ngozi. Akawasha tochi ya simu. Mikono na shingo ya mtoto vilijaa malengelenge, na kila lengelenge lilikuwa limechipua jani changa la mkorosho.

Biasha akaelewa. Jana alikuwa akibangua korosho, mikono yake kaipaka majivu kama wanawake wote wa Lionja, na Hajra akicheza duka na maganda. Mafuta ya ganda huunguza ngozi, hayachagui mtoto. Dawa yake ni sabuni na subira. Lakini homa ya nyani ilikuwa imetangazwa, na mjumbe alishasema kila mwenye upele aende zahanati.

Daktari Ladislaus, ambaye kwao wanalima kahawa, alitazama bango la picha ukutani, kisha majani.

"Mtoto kaunguzwa na korosho, daktari," Biasha alisema.

"Majani nayaona, mama Hajra. Ila kwenye bango hayapo."

"Si ndiyo tofauti yenyewe hiyo?"

Akajibiwa kwamba agizo ni kila mwenye upele atengwe hemani, mengine yangoje kipimo kirudi kutoka Dar.

Hemani alikuwamo Makrina, muuza samaki, aliyeumwa kweli. Vipele vyake vilikuwa vitupu, bila jani. Alilala kageukia turubai ili asimguse mtoto, lakini godoro lilikuwa moja.

Majani ya Hajra yakakua, yakatoa maua, kisha vibibo vyekundu. Mbuzi wakawa wanapenyeza shingo chini ya turubai. Nesi Magreti alifagia kila asubuhi, akinung'unika kwamba hakuajiriwa kufagia shamba. Ladislaus naye alichuma bibo, akala. Biasha akapata matumaini: kaonja mwenyewe, sasa ataturuhusu.

"Tamu," Ladislaus alisema, akafuta mikono, akaenda zake.

Hatimaye majani yakapukutika, ngozi ikabaki safi. Majibu nayo yakaja: Hajra hana homa ya nyani. Biasha akafunga mzigo wao kwenye khanga, akamwogesha mtoto kwa safari.

Shingoni akakuta vipele vipya. Akavinyunyizia maji taratibu, kama mtu anayemwagilia kitalu, akangoja.

Hajra alitazama mkono wa Makrina, kisha wake.

"Mama, hivi vipya havina majani."