Mbwa Ana Jina

Jumanne asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, Hilda Outram aliweka mbigili kavu zenye miiba juu ya viti vya sebule nyekundu, moja kila kiti. Katika jumba la kale la Aldermoor, linalotembelewa na watalii, hakuna anayemkataza mgeni kukalia kiti cha miaka mia tatu. Kumkataza ni utovu wa adabu. Unaweka mbigili tu. Akitaka kuchomwa, ni juu yake na makalio yake.

Hilda aliendesha basi miaka thelathini na mmoja. Sasa alikuwa anajitolea jumbani humo, beji kifuani, akiwaelekeza wageni chooni na, mara mojamoja, kwenye picha.

Saa tano kamili mtumishi wa kike aliyekuwa ndani ya picha kubwa alimkabidhi mbwa Lodi Augustus, bwana wa jumba aliyechorwa kando yake, akakunja gauni, akashuka. Aliondoa mbigili kwenye kiti cha hariri, akaketi. Hivyo ndivyo alivyofanya kila Jumanne. Alikuwa amesimama tangu mwaka 1768, na nusu saa ya kupumzika haikuwa nyingi.

Hilda alimmiminia chai kutoka kwenye chupa aliyoificha mkobani, maana vinywaji haviruhusiwi.

"Ya wiki iliyopita ilikuwa maji ya kuoshea vikombe," mtumishi alisema.

"Kunywa, mwanamke. Acha maneno."

Mgeni mmoja kutoka Leeds alimwomba mtumishi asogeze bega, apate kupiga picha mguu wa kiti.

Kibao cha chini ya picha kilisema: *Lodi Augustus na mbwa wake, Juno.* Hilda alikuwa amekisoma mara elfu. Siku hiyo, sijui kwa nini, kilimkera.

"Hivi wewe unaitwa nani?"

"Keziah Frith. Miaka sita unaninywesha chai, ndiyo kwanza unauliza?"

Hilda aliona aibu mpaka masikioni. Ilipofika saa tano na nusu Keziah hakuinuka.

"Leo sirudi," alisema. "Waniandike kwanza kwenye kibao. Mbwa ni wake, amshike mwenyewe."

Hilda akashuka ofisini kwa msimamizi, kijana nadhifu aitwaye Crispin Lacey, akaomba jina la Keziah Frith liongezwe kibaoni; daftari zikapekuliwa.

"Bi Outram, tumepekua daftari zote za watumishi. Hilo jina halipo."

"Mwenyewe yupo juu. Nenda kamuulize."

"Maneno ya mtu aliyechorwa si ushahidi. Ana maslahi yake."

"Na mbwa? Alileta cheti cha kuzaliwa?"

"Juno anatajwa katika barua kumi na nne," Crispin alijibu kwa upole. "Lodi alimpenda sana."

Hilda alipanda ngazi bila kuaga. Alitoa mbigili kwenye kiti cha jirani, akaketi karibu na Keziah. Kikongwe mmoja mwenye mkongojo akauliza kama sasa inaruhusiwa.

"Hairuhusiwi," Hilda alisema. "Karibu."

Kufikia saa tisa viti vyote kumi na viwili vilikuwa na watu, na mbigili zilikuwa zimerundikwa kwenye meko ya sebule kama takataka za shambani. Crispin alichungulia, akahesabu, akaenda kuandika barua kwa kamati.

Kamati ilikutana mara tatu. Mwezi uliofuata kibao kipya kikaletwa. *Lodi Augustus na mbwa wake, Juno. Mtumishi hayupo kwa sasa. Tunaomba radhi.* Lodi mwenyewe ameanza kupinda mgongo. Juno hatulii, na rangi kwenye mkono wa kushoto wa Lodi, unaomshika, imepasuka.

Keziah bado ameketi. Kila mgeni anayeingia, Hilda humwambia, "Huyu ni Keziah Frith, aliyekuwa akimshika mbwa." Wageni huitikia kwa heshima, kisha huinama kusoma kibao. Hilda hungoja wainuke, halafu husema tena, kwa sauti kubwa zaidi.