Kadi ya Uso Unaocheka

Kaunta ya jikoni ilishuka polepole, ikiguna, mpaka ikalingana na magoti ya Noreen Tattersall, ikasimama. Juu yake palikuwa na birika la umeme, kikombe na mkebe wa majani ya chai, kila kitu mahali ambapo mkono wa mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu ungeweza kukifikia. Hilary Ackroyd wa halmashauri akainua kamera. Noreen akaweka mikono yake mapajani, akatazama dirishani.

"Washa birika tu, bibie," Hilary akamwambia. "Picha moja, halafu nakuacha na mambo yako."

"Sitaki."

"Kaunta ni yako. Si uliiomba mwenyewe?"

"Ndiyo maana sitaki."

Kutoka sebuleni ikaja sauti ya Alwyn Birtles, mzee anayepanga nyumba ile pamoja na Noreen. "Usijichoshe, mama. Hajaigusa tangu mafundi waondoke. Chai napika mimi, na chai yangu unaijua, bora unywe maji ya mfereji."

Hilary alicheka peke yake. Picha ile ilikuwa ikingojwa. Halmashauri yetu ya Haldenshaw ilikwisha kujipatia jina kote kaskazini mwa Uingereza kwamba sisi, tunapotafuta kampuni ya kuwahudumia watu majumbani, huwaachia wenyewe wachague. Mkuu wa kazi wa Hilary, Roland Stopford, alialikwa Leeds kwenda kuwaeleza wenzetu siri ya mafanikio hayo, naye alitaka kuwaonyesha Noreen akijichemshia maji kwenye kaunta aliyoichagua. Mtu hukataa vipi kupigwa picha na bahati yake mwenyewe?

Hilary akavuta kiti, akaketi. "Niambie basi kuna nini."

Noreen alikawia kujibu. Yeye maneno hayamtoki haraka, na akiharakishwa hayamtoki kabisa. "Nilimuuza Lorna," akasema. "Nilipewa kaunta, nikamtoa Lorna."

Ilikuwa hivi. Noreen na Alwyn walizaliwa na akili inayokwenda kwa mwendo wake, na watu wa namna hiyo siku hizi hawafungiwi tena kwenye yale majumba makubwa ya zamani ya kuwatenga na jamii. Hupanga nyumba mtaani kama mtu mwingine yeyote, na halmashauri huwatafutia kampuni ya kuwaletea wasaidizi. Zabuni hutangazwa, kampuni hushindana, na kila baada ya miaka kadhaa vita hivyo huanza upya. Lorna alikuwa msaidizi wa nyumba ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alijua kwamba Noreen haogi kabla ya kunywa chai, na kwamba Alwyn akinyamaza sana meno yanamuuma. Mambo hayo hakuyaandika popote, wala hakuna aliyewahi kumwomba ayaandike.

Mwaka jana mkataba ulipomalizika, Noreen na Alwyn waliitwa ukumbi wa halmashauri wakae kwenye jopo la kuzipima kampuni. Wakapewa beji za kuvaa shingoni, biskuti, na kadi zilizochorwa nyuso za kutolea alama: uso unaocheka, uso usiosema kitu, uso ulionuna. Meneja wa kampuni ya zamani alijieleza vizuri, ila macho yake yote yalikuwa kwa Hilary. "Huyu anapenda nini?" akamwuliza Hilary, na Noreen yuko pale pale mbele yake. Mtu wa kampuni mpya yeye alichuchumaa mpaka goti likalia, akamwuliza Noreen ni kitu gani angependa kukifanya nyumbani kwake na hawezi.

"Kuchemsha maji mwenyewe," Noreen akasema, na akainua kadi ya uso unaocheka juu kabisa.

Kampuni ya yule aliyechuchumaa ikashinda, na tusiisingizie, kaunta iliyoahidi iliileta. Wasaidizi nao walihamia kwake pamoja na mkataba, kama sheria inavyotaka. Lakini kampuni hiyo iliishusha bei yake kwa kuikata siku ya msaidizi vipande vipande, asubuhi mtaa huu, mchana ng'ambo ya mji, jioni kwingine tena. Lorna ana mama mzazi aliyelala kitandani hajiwezi. Alijikaza kisabuni mpaka majira ya baridi, kisha akaenda kupanga mikate supamaketi. Tangu hapo nyumba ile huletewa sura mpya karibu kila wiki, na Noreen huanza upya kueleza chai kwanza, kuoga baadaye.

"Nilimwona pale kwenye mikate," Noreen akasema. "Akanipungia mkono. Nikageuza kiti."

"Kwa nini umgeuzie mgongo? Lorna anakupenda."

"Wewe ungemtazama usoni mtu uliyemuuza?"

"Na Jumapili Lorna akija kututembelea, Noreen anajifungia chumbani," Alwyn akadakia kutoka sebuleni. "Mimi ndiye nakaa na mgeni. Nakula na keki ya Noreen. Silalamiki, nasema tu."

Hilary aliitazama lenzi ya kamera kana kwamba ina uchafu. Kulikuwa na jambo moja analolijua yeye, na lingemtua Noreen mzigo ule papo hapo. Katika kupima zabuni, bei ilipewa alama sitini, maelezo ya maandishi thelathini, na kadi za wapangaji kumi. Mgawanyo huo aliupanga Hilary kwa mkono wake, kwa maagizo ya Roland, na hakubisha. Tena bahasha za bei alizifungua siku moja kabla ya jopo. Kampuni ya zamani ilikuwa imeachwa mbali mno, hata Noreen na Alwyn wangeinyanyulia nyuso zote zinazocheka zilizopo duniani isingefika. Hilary alijua hivyo asubuhi ile alipokuwa akiwavisha beji. Akawavisha, akawanyooshea na kola, akawaambia, "Leo ninyi ndio mtakaoamua." Kilemba cha ukoka, na mkono uliokifunga ulikuwa wake.

Angeweza kusema pale pale jikoni. Badala yake alisema, "Si kosa lako, bibie," kwa ile sauti laini tunayowasemesha watu tukitaka wanyamaze.

"Kosa la nani basi?" Noreen akauliza.

Hilary akasema amechelewa mkutano. Hakukuwa na mkutano.

Ofisini Roland alimkuta amekaa na koti mwilini. Roland si mtu mbaya. Anakumbuka siku ya kuzaliwa ya kila karani na huwaletea sambusa za duka la Wapakistani lililo kona ya soko. Akaketi kwenye ukingo wa meza na kumsikiliza mpaka mwisho.

"Mwache," akasema. "Ukimwambia kadi yake haikuwa na uzito, unamtua mzigo au unamvua nguo?"

"Anajiona msaliti, Roland. Hamfungulii mlango mtu anayempenda kuliko wote."

"Atasahau."

"Hasahau. Wewe na mimi ndio tunaosahau."

Roland akashusha pumzi. "Sikiliza, Hilary. Miaka ya nyuma hatukuwa tukiwauliza kabisa. Sasa tunawauliza. Kumi ni kubwa kuliko sifuri."

"Kumi ambayo haiwezi kubadili kitu ni sifuri iliyovaa tai."

"Basi hayo kayaseme Leeds badala yangu," Roland akajibu, akitabasamu bila raha, akaenda zake na sambusa zake.

Hilary alibaki. Kilichomkera ni kwamba Roland alikuwa na ukweli wake. Noreen alikulia katika moja ya yale majumba makubwa, ambako hata chupi zilitoka kwenye fungu la wote, unavaa inayokufikia. Utu uzima ulimkuta hajawahi kuchagua rangi ya pazia. Siku ya jopo ndiyo siku aliyoisimulia kwa kila msaidizi, kila dereva wa teksi, kila daktari: nilipewa kadi, nikachagua. Kumnyang'anya siku hiyo ni kumnyang'anya nini? Lakini kumwachia ni kumwachia na hatia isiyo yake, na Hilary, aliyejua hatia ile ni ya nani hasa, alijiona mwizi aliyekaa kando akimtazama mwingine akihukumiwa. Usiku huo alikula viazi vilivyopoa na hakujua vilikuwa na chumvi au la.

Jumatano alirudi nyumba ile bila kamera. Alwyn ndiye aliyefungua.

"Mama wa picha," akasema. "Vifaa viko wapi, au leo umekuja kutuchungulia tu?"

"Leo nimekuja kuzungumza na Noreen."

"Pita. Mimi nina mpira wangu."

Noreen alikuwa jikoni, kaunta ikiwa imepandishwa juu kama kawaida ya jikoni zote, mbali na yeye. Hilary hakukaa kitini. Alichuchumaa, halafu akaona aibu kwa kuchuchumaa, kwa kuwa alikumbuka nani alichuchumaa kabla yake na kwa sababu gani. Akavuta kiti, akaketi kama mtu.

"Noreen, nilikudanganya."

Noreen akamtazama, akingoja.

Hilary akamweleza. Hakutumia maneno ya ofisini. Alimwambia kwamba bei ilikuwa na nguvu kuliko kadi, kwamba kampuni ya Lorna ilikwisha kushindwa kwa bei kabla jopo halijakaa, na kwamba aliyepanga iwe hivyo ni yeye.

"Kadi yangu haikumtoa Lorna?"

"Haikumtoa."

"Ningeinua ya kununa?"

"Ingekuwa vile vile."

Noreen akafumba macho, na kifua chake kikashuka kama cha mtu aliyeshusha mtungi kichwani. Hilary naye, Mungu amsamehe, akaanza kuhisi nafuu, akadhani yamekwisha.

"Jumapili akija nitamfungulia," Noreen akasema. Kisha akafumbua macho. "Na kaunta?"

"Kaunta imefanya nini?"

"Mimi ndiye niliyeichagua."

Hilary alitafuta sentensi ya kupitia pembeni, na zilikuwapo nyingi, kazini kwetu sentensi za namna hiyo hatuzikosi. Akaziacha zote. "Uliyeiomba ni wewe," akasema. "Lakini kampuni ile ingeshinda hata kama usingeichagua."

"Ulijua lini?"

"Kabla hamjaingia ukumbini."

"Ulipokuwa unanivisha beji?"

"Ndiyo."

Noreen hakulia wala hakupaza sauti. Aliitazama kaunta kule juu, akamtazama Hilary, uso wake umetulia, mtu mzima anayemwona mtu mzima mwenzake alivyo. "Afadhali ningekuwa nimemuuza kweli," akasema. "Ningekuwa nimefanya kitu."

"Nisamehe, Noreen."

"Sijui bado."

Kwenye televisheni ya sebuleni mtu alifunga bao, na Alwyn akaisifu timu isiyo yake. Noreen akageuza kiti kuelekea mlangoni.

"Alwyn. Zima hiyo, njoo huku."

"Mpira haujaisha."

"Njoo. Huyu ana neno la kukwambia."

Hilary akanyanyuka nusu. "Noreen, yeye hana huzuni. Yeye anaifurahia siku ile. Tukimwachia..."

"Na mimi nilikuwa naifurahia," Noreen akasema.

Alwyn akaingia akijifuta makombo kwenye sweta, akaketi, akaweka viganja mezani kama alivyoviweka ukumbini. Akawatazama wote wawili kwa zamu, uso umemchangamka. "Haya. Kuna zabuni nyingine? Maana safari ile tuliwachagulia vizuri."

Hilary akaanza. "Alwyn, kuhusu siku ile ya jopo, alama zilikuwa zimegawanywa hivi kwamba bei, yaani, uzito wa—"

"Polepole," Noreen akamkatiza. "Anaelewa vizuri tu akiambiwa polepole."

Hilary akavuta pumzi, akamtazama mzee machoni, akaanza upya.