Kichwa cha Ndeshi na Mikono ya Wifi

Kichwa cha Ndeshi kilikuwa kikimwasha tangu mavuno ya mahindi, na utosini palikuwa na kipara cha ukubwa wa kifuniko cha soda. Kwa bahati nzuri, Tengeru haina upungufu wa mabingwa. Jirani mmoja alisema ni maji ya kisima. Mwingine akasema ni husuda. Wifi yake Anna, ambaye hajawahi kukosea tangu abatizwe, alimpaka kitunguu swaumu wiki mbili. Kipara kikashukuru, kikapanuka kama kisosi.

"Sasa nenda hospitali," Anna akaamua. "Ila huendi na kichwa hicho, utatuaibisha."

Akamsuka siku nzima, akakaza mpaka nyusi zikapanda. Kipara kikafunikwa kabisa.

Kule mjini, Daktari Rodrick alikuwa na kifaa kama tochi ndogo, chenye lenzi ya kukuza. Akakipitisha juu ya ile misuko.

"Shikamoo, mama. Umependeza. Ugonjwa uko wapi?"

"Marahaba. Uko chini ya urembo, mwanangu."

Nesi Aika akavuta kiti, akafumua msuko mmoja mmoja, akipuliza kila Ndeshi aliposhtuka. Saa nzima nesi hakuguna hata mara moja. Ndeshi hakulisahau hilo.

Daktari akapiga picha, akamwonyesha kwenye kompyuta. "Unaona magamba meupe yanayozunguka mashina ya nywele? Ngozi imevimba, inaua mizizi. Katikati vitundu vya kuoteshea nywele vimeziba, nywele hazirudi. Pembeni bado viko wazi. Hivyo vya pembeni ndivyo tunavyovipigania. Tumia dawa, usisuke kwa kukaza."

Baada ya miezi mitatu Anna alimsindikiza, ili daktari asikosee. Picha mbili zikawekwa sambamba.

"Nywele ziko wapi?" Anna akauliza. "Mbona kipara ni kilekile?"

"Ndiyo furaha yenyewe, mama. Hakijaongezeka."

Anna akasogea. Magamba yalikuwa yamekwisha, na kila kitundu cha pembeni kilikuwa na unywele wake. Akagusa picha ya zamani. "Na hizi zilizokatika?"

"Zilivutwa na misuko."

Anna akaitazama mikono yake, akaitikia kwa kichwa. Tengeru nzima ingeambiwa, isingeamini.

Nje ya kliniki akachukua kilemba cha Ndeshi, akamfunga polepole.

"Wifi, kinabana?"

Katika miaka thelathini, hakuwahi kuuliza.

"Legeza kidogo."

Akalegeza.