Tangawizi ya Mama Eliaichi

Simu iliita saa tisa na nusu alasiri, Flaviana akiwa amepiga magoti kwenye tuta la tatu, anafukua maua yake ya airisi yaliyosongamana. Udongo mwekundu ulikuwa umempanda mpaka kwenye viwiko. Aliipokea kwa kidole kimoja, akaibana kwa bega.

"Mama Eliaichi, shikamoo!"

Alikuwa Senteu. Aliwahi kulinda nyumba yake miaka sita kabla ya kurudi kwao Kakesio kwenye ng'ombe zake. Sauti ilikuja na kupotea, upepo umeijaa.

"Marahaba, baba. Mmefika salama? Mzigo wa nesi umefika?"

"Tumefika, mama. Nimepanda mlimani huku kutafuta mtandao. Nesi Beatrice hayupo, ameenda semina mpaka wiki ijayo. Nikaona tangawizi itanyauka bure, nikampa mama yangu. Nareyu wangu amejifungua Jumapili, mama! Mtoto wa kiume! Leo jioni ng'ombe wakirudi boma, akina mama wanakuja kumwona mtoto, chai itapikwa na tangawizi yako. Nareyu amefurahi sana. Nesi nitamnunulia nyingine mnada ujao."

"Senteu, sikiliza. Isipikwe! Unanisikia? Isipikwe, ile si..."

Alikuwa anaongea na upepo. Akapiga tena, akaambiwa namba haipatikani. Akapiga mara nane, akisimama, akikaa, akisimama tena katikati ya matuta, na kila mara yule dada wa kwenye simu alimjibu kwa adabu ileile.

Ile haikuwa tangawizi. Ilikuwa mizizi ya airisi, lile ua lenye ndevu, na Flaviana alikuwa nayo ya aina arobaini na moja kuzunguka nyumba yake pale Karatu. Ugonjwa huu wa kukusanya maua aliupata zamani, alipokuwa mtunza nyumba kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja kule Oldeani. Mzungu alipouza shamba akaenda zake, Flaviana aliondoka na mafao kidogo na ndoo mbili za mizizi. Tangu hapo hakupona. Alibadilishana na wanawake wa Lushoto, wa Njombe, wa Mbulu, mizizi ikisafiri kwa mabasi ndani ya maboksi ya viatu. Kila ua alilipa jina mwenyewe. La zambarau iliyokolea aliliita Askofu, jeupe lenye ukingo wa buluu akaliita Bibi Harusi, na moja la njano linalojikunjakunja alilipa jina la wifi yake wa Machame, bila kumwambia.

Mkusanyaji hashibi. Nesi Beatrice alikuwa na airisi moja tu nyuma ya nyumba yake kule Kakesio, ya rangi ya chai ya maziwa. Alituma picha mwezi wa tano, na tangu siku hiyo Flaviana hakuwa na raha. Wakapatana: mizizi sita ya Karatu kwa mmoja wa Kakesio. Shida ilikuwa geti. Kakesio iko ndani ya hifadhi ya wanyama, kule hakulimwi, na mche wa kigeni haupiti. Mizigo inafunguliwa.

Airisi ukitaka kuisafirisha, unaichimba, unapunguza majani yabaki mafupi, unaandika jina juu ya jani kwa kalamu ya wino mzito, halafu unauanika mzizi kivulini siku mbili ili usioze njiani. Hivyo ndivyo alivyofanya miaka yote. Safari hii aliyakata majani mpaka shinani. Akang'oa vimizizi vya chini, akapangusa udongo. Kilichobaki juu ya ungo kilikuwa kinono, chenye vinundu na ngozi ya kahawia, na Flaviana alikitazama akajisifu kimoyomoyo. Kwa kuwa hakikuwa na harufu, akachanganya na vipande viwili vya tangawizi ya kweli, kimoja akikivunja ili kinukie. Siku ya mnada akamkabidhi Senteu mfuko. "Tangawizi ya nesi," alisema. Senteu hakuambiwa ukweli kwa sababu hajui kudanganya. Angeulizwa getini, angetetemeka. Akapita na mfuko wake akitaniana na askari.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imefika Kakesio.

Na Flaviana alijua mzizi ule unafanya nini. Mzungu alimkataza kuushika bila glavu, naye alidhani ni madeko ya kizungu mpaka mwaka ambao mbuzi wake wa maziwa alikata kamba akatafuna tuta zima. Mbuzi alitokwa na mate mpaka kifua kikalowa. Aliharisha damu, akajilaza, siku ya tatu akafa, na kitoto chake kilichokuwa kinanyonya kikafuata. Flaviana aliwazika nyuma ya choo na kumwambia mumewe kwamba ni homa. Sasa alikuwa akimwona yule mbuzi. Akamwona Nareyu, mke wa Senteu, msichana mwembamba aliyekuwa akimletea maziwa mlangoni na kumwita mama, amekaa kwenye ngozi ana mtoto wa siku nne kifuani, anapewa kikombe cha kwanza kwa sababu yeye ndiye mzazi.  

Akamwandikia Beatrice. Tiki moja. Akampigia mumewe, Herbert, dereva wa watalii, naye alikuwa hifadhini, chini kwenye bonde la kreta, na wageni wake, hapatikani. Na hapo akaingiwa na hofu nyingine. Herbert anapita geti lile kila wiki. Kibali chake kinatazamwa pale. Mke wa Herbert kuingiza mimea hifadhini kwa hila! Alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko alivyotakiwa kulifikiria, huku jua likishuka, na baadaye maishani mwake dakika zile ndizo alizozionea aibu kuliko zote.

Kwenda Kakesio haikuwezekana, ni barabara ya nusu siku. Geti ndilo lenye redio ya kuita Kakesio.

Jirani yake Patrisi, mtu mzima mwenye wajukuu na pikipiki, alikuwa akimwaga mbolea. Flaviana alimfuata na mabuti yake ya bustani.

"Nipeleke getini."

"Sasa hivi? Kuna nini, mama?"

"Patrisi, usiniulize. Washa."

Patrisi akamtazama usoni, akawasha.

Barabara inapanda, na kadiri walivyopanda ukungu uliwashukia na baridi ikaingia mpaka kwenye mifupa. Flaviana aliomba kwa sauti. Aliomba ng'ombe wachelewe. Aliomba kuni ziwe mbichi, sufuria itoboke, mtoto alie wageni waahirishe. Aliomba Nareyu awe hapendi tangawizi, kisha akakumbuka ni yeye mwenyewe aliyemzoesha, kikombe baada ya kikombe, kwenye ngazi za jiko lake, na akaanza kulia ndani ya kofia ngumu ya kuazima.

Walifika saa kumi na robo. Ofisa wa zamu aliitwa Clemensi, mtu mpole, mnene, mwenye skafu shingoni. Alimjua.

"Mama Eliaichi! Karibu. Mzee Herbert yuko chini, hajatoka bado."

"Sijamfuata Herbert." Alijaribu kupumua. "Naomba mpige redio Kakesio. Kuna tangawizi nilituma kwa Senteu, kijana wangu. Imeingia dawa. Dawa ya wadudu. Wasiinywe."

Kumbe hata pale, mama wa watu, ulimi ulikuwa bado unatafuta kichochoro.

Clemensi alichukua kalamu. "Dawa gani?"

"Ya wadudu tu."

"Ina jina, mama. Wakiwa wameshakunywa, kule zahanati watauliza ni sumu gani. Huwezi kumtibu mtu kwa kusema ya wadudu tu." Aliinua macho. "Nani atakunywa?"

"Kuna mzazi. Ana siku nne."

Kalamu ikasimama. Mle ofisini walikuwamo madereva wawili wakigongewa mihuri na dada mmoja wa risiti, wote wakageuka. Flaviana aliona jinsi kila mmoja wao atakavyolisimulia jambo hili Karatu usiku uleule. Alimwona Herbert akiitwa pembeni. Akaona yote, na nyuma ya yote akamwona mbuzi.

"Haina dawa," alisema. "Si tangawizi. Ni mizizi ya maua yangu. Airisi. Nilimpelekea nesi Beatrice apande. Nilikata majani ili mseme ni tangawizi. Senteu hajui, mimi ndiye niliyemdanganya. Ni sumu, baba. Iliua mbuzi wangu. Piga redio, halafu mnifunge."

 Clemensi aliiweka kalamu chini, akavuta redio.

Kakesio hawakuitika mara ya kwanza. Hawakuitika ya pili. Kila alipoachia kitufe redio ilikoroma, na kila ilipokoroma Flaviana alishika meza. Mara ya nne sauti ya mwanamume ikajibu kutoka kituo cha askari, ikajitambulisha kuwa Modest. Clemensi akaeleza polepole, neno kwa neno: boma la Senteu, mfuko wa tangawizi, si tangawizi, ni mizizi yenye sumu, mtu asinywe, mzazi hasa. Modest akasema boma analijua, anachukua pikipiki, ni mwendo wa dakika arobaini kama korongo halina maji.

"Korongo lina maji?" Flaviana aliuliza.

"Sijui, mama. Kaa chini."

Hakukaa. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yake, na hakuna kitu kibaya kama saa ya ukutani kwa mtu anayesubiri. Saa kumi na moja kasoro robo. Sasa wanachota maji. Saa kumi na moja. Sasa wanamenya. Dada wa risiti alimletea chai ya rangi, akaipokea, harufu ya tangawizi ikampanda puani, akakimbilia nje akatapika kwenye majani. Patrisi, aliyekuwa amesimama na pikipiki yake, akaja akamshika mgongo bila kuuliza. Madereva walikuwa wameshamaliza mihuri yao na hakuna aliyeondoka.

Saa kumi na moja na nusu. Flaviana alianza kuahidi. Ataing'oa bustani yote, Askofu na Bibi Harusi na wengine wote, atachoma moto. Halafu akaogopa kwamba Mungu anamjua, na anajua jinsi mwanamke huyu anavyoweza kuficha, akaacha kuahidi.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi redio ikafufuka.

"Geti, geti, hapa Modest. Niko bomani."

"Tunakupata. Sema."

"Mzazi hajanywa. Narudia, mzazi hajanywa. Mtoto mzima."

Flaviana alitoa sauti ambayo hakuijua. Dada wa risiti akamkumbatia. Lakini Clemensi aliinua mkono, kwa sababu Modest alikuwa bado anaongea.

"Aliyepata shida ni bibi, mama yake Senteu. Yeye ndiye huonja kila kitu kabla ya mzazi. Alichemsha kidogo mchana, Senteu akiwa mlimani, akaonja. Mdomo umevimba, ametapika sana, anaharisha, hana nguvu. Nimeita gari, anapelekwa hospitali. Mfuko nimeuchukua. Kuna kitu kingine, Geti. Hawa watu wameogopa sana. Wameukagua mfuko, wameona tangawizi ya kweli imo pamoja na ya uongo. Wanasema mtu aliyechanganya alikusudia."

Redio ikakoroma. Sauti ya Modest iliporudi ilikuwa ya chini.

"Mzazi yuko hapa pembeni yangu. Amejifungia na mtoto tangu mchana, ndiyo anatoka sasa. Ana swali kwa huyo mama. Anauliza, Mama Eliaichi, nimekukosea nini?"

Hakuna aliyemtazama Flaviana, na hilo lilikuwa baya kuliko kama wangemtazama. Alikuwa ameogopa geti, akamwogopa mumewe, akaogopa kifo. Hili hakuwa amelifikiria hata mara moja: kwamba tangu mchana kulikuwa na msichana aliyembana mtoto wake kifuani kwa kumwogopa yeye.

Clemensi akamsogezea redio. "Bonyeza hapa. Ongea ukiwa umebonyeza."

Alibonyeza. Udongo wa bustani ulikuwa umemkaukia kwenye vidole.

"Nareyu, mwanangu. Ni mimi. Hujanikosea kitu. Hata kidogo, hujanikosea. Niliogopa askari wa geti, nikamdanganya mume wako, nikaweka na tangawizi ya kweli ili mfuko unukie. Vile vingine havikuwa vya kwenu. Vilikuwa vya nesi, vya kupanda. Ni maua, Nareyu. Ni mizizi ya maua."

Akaachia. Akasikia Modest akitafsiri kwa Kimaasai, ingawa Nareyu Kiswahili anakijua vizuri. Labda walikuwapo wengi waliotaka kusikia.  Kisha sauti ya mwanamke, mbali na redio, fupi.

"Geti," Modest alisema, "anauliza, maua ya kufanyia nini?"

Flaviana akabonyeza kitufe. Clemensi akainua macho kumtazama.

"Ya kutazama," alisema.