Mabibo Yaliyozama Kwenye Majani

Mwanaidi alichota rangi nyekundu kwa ncha ya kisu, akaipaka ubavuni mwa kijivu cha tano, akafinya macho. Bado. Mpaka kati ya rangi hizo ulionekana. Rangi mbili zikilingana giza, mpaka hupotea. Hilo alijifundisha mwenyewe kwa ukanda wa karatasi aliopaka vijivu tisa, kuanzia cheupe hadi cheusi, kibarazani kwake Rahaleo.

Akaongeza chembe ya njano.

"Hodi shoga! Wewe na matope yako tu!" Veronika aliingia akicheka, simu mkononi. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na mwaka mzima walikuwa wakijifunza kuchora pamoja. "Niulize nimepata nini."

"Umepata nini?"

"Kazi ya kuchora ukuta wa shule yetu! Wameuchagua mchoro wangu."

Ukuta huo Mwanaidi alikuwa akiuota tangu Ramadhani. Mchoro wake wa kuombea kazi, mwanamke na kapu la mabibo, alimpa Veronika aufikishe kwa mkuu wa shule. Veronika akarudi akisema mvua imeuharibu njiani, na muda umeshapita.

"Hongera. Hebu nione."

Pichani kulikuwa na mwanamke na kapu. Ametazamishwa upande wa pili, kanga ya buluu imekuwa ya kijani. Lakini nani hachori mabibo Mtwara hii? Mwanaidi hakutaka kumsingizia mtu. Akaigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, kama alivyozoea kupima kazi zake.

Mabibo matatu ya juu yakapotea. Yalizama kwenye majani kana kwamba hayakuchorwa.

Kosa hilo lilikuwa la Mwanaidi mwenyewe, katika mchoro aliompa Veronika. Nyekundu ilimdanganya kwa kung'aa, akaiacha na giza lile lile la majani. Aligundua mchoro ukiwa umeshaondoka. Ndiyo maana alifanya zoezi hili kila siku.

"Niazime ule ukanda wako," Veronika alisema. "Kesho naanza."

"Haya matatu uliyachanganyaje?"

"Nyekundu tu. Bibo ni bibo, shoga."

"Kumbe mvua haikuyafuta."

Veronika aliinamia simu yake. "Pale wananijua mimi," akasema taratibu. "Wewe wangekupa?"

"Ungewaacha waseme wenyewe. Ukanda sikupi. Kesho nakuja nao, tuzungumze mbele ya mkuu."

Veronika aliondoka bila kuaga. Mwanaidi akapaka tena, akafinya macho. Machozi yalifanya kila mpaka upotee, na kipimo cha namna hiyo hakikuwa kipimo. Akafunika rangi kwa kitambaa kibichi, nyekundu ikiwa bado haijalingana.